Nakala Iliyobadilishwa: Je, Ni Sauti Ileile?

Kubadili fomati ya faili la sauti au la video ni kuandika upya, kwa utaratibu mwingine wa tarakimu, kitu ambacho tayari kimehifadhiwa kwa utaratibu fulani. Siku hizi kazi hiyo hufanyika kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani, kwa programu za bure kama Audacity, VLC au FFmpeg, ambayo Fabrice Bellard aliianzisha mwaka 2000. Anayeifanya huwa na haja ndogo tu: video iliyogoma kwenye simu ifunguke, au faili kubwa lipungue litoshe kwenye memori kadi. Lakini ndani ya haja hiyo ndogo limo swali ambalo wanafalsafa na wanatheolojia walihangaika nalo karne nyingi kabla ya kompyuta. Kitu kikihamishwa kutoka umbo moja hadi jingine, kinabaki kilekile, au kinachopatikana ni kitu kipya kinachofanana na cha kwanza?

Magharibi mwa Tanzania swali hilo lina historia yake. Kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora na kuendelea mpaka Ujiji, maneno yalisafiri pamoja na vitambaa, shanga na pembe za ndovu. Ilikuwepo Qur'ani iliyohifadhiwa kifuani, zilikuwepo barua za hati ya Kiarabu, na zilikuwepo nyimbo za wapagazi wa Kinyamwezi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, nyimbo za Wanyamwezi zilikuwa zimekwisha kuandikwa kwenye nta na kupelekwa Berlin. Zikafuata santuri, kanda za redio, kaseti, CD na flashi.

Leo si ajabu kukuta katika nyumba ya mjini Tabora boksi la kaseti lililowekwa juu ya kabati. Ndani mna mawaidha, maulidi na kasida. Kwa jirani mna kwaya za Wakatoliki au za Wamoravian, na kwa mwingine muziki wa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Vitu hivyo vinazeeka hata visipoguswa. Unga wa sumaku unapukutika, utepe unanata, na redio za kuchezea kaseti zinazidi kuwa adimu. Kwa hiyo mwenye boksi hana njia ya kuepuka uamuzi. Akiziacha kaseti zilivyo, zinapotea polepole. Akizibadili, analazimika kuchagua kipi kibaki na kipi kiende.

Ili swali la utambulisho lieleweke ni lazima kwanza kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana. Faili la video lina chombo, yaani namna ya kufunga pamoja picha, sauti na maelezo yake: MP4, MKV, AVI au 3GP. Ndani ya chombo kuna kodeki, yaani njia iliyotumika kuiandika picha au sauti yenyewe: H.264 kwa picha, kwa mfano, na MP3, AAC au Opus kwa sauti. Jina linaloonekana mwishoni mwa faili la video kwa kawaida hutaja chombo tu. Ndiyo maana mafaili mawili yanayoitwa MP4 yanaweza kuwa tofauti kabisa ndani, moja likacheza na jingine likagoma.

Tofauti kati ya kubadili chombo na kubadili kodeki ina mfano wake wa zamani: katika karne ya 19 misafara mingi ilivunjwa Tabora. Wapagazi walilipwa wakatawanyika, na mizigo ikafungwa upya ili ibebwe na wengine. Kuifunga pembe ileile kwa kamba mpya ni jambo moja, na kuikata vipande ili itoshe mzigo wa mtu mmoja ni jambo jingine. Kompyuta hufanya kazi zote mbili na kuziita kwa jina moja. Kuhamisha mkondo wa picha na sauti kutoka chombo hadi chombo hakugusi hata biti moja ya mkondo wenyewe. Kwenye FFmpeg huombwa kwa amri ya -c copy, na filamu ya saa mbili inaweza kumalizika ndani ya sekunde chache. Kubadili kodeki ni kazi ndefu. Mashine huifungua sauti au picha yote, kisha huiandika upya kwa kanuni nyingine, na kanuni hiyo ikiwa ya kupunguza, kuna kinachotupwa.

Kiasi kinachotupwa si kidogo. Sauti ya ubora wa CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kwa biti 16, kwa njia mbili za kushoto na kulia. Ikiandikwa hivyo kwenye faili la WAV, dakika moja huchukua takriban megabaiti 10, na kaseti ya dakika 60 hukaribia megabaiti 635. Fomati ya FLAC hulipunguza faili hilo hadi karibu nusu au zaidi kidogo ya nusu, na likifunguliwa kila biti hurudi mahali pake. MP3 ya kilobiti 128 hulishusha hadi karibu megabaiti moja kwa dakika. Sehemu ya upungufu huo hutokana na ufungaji usiopoteza kitu, lakini sehemu kubwa ni sauti iliyoondolewa, na hakuna programu yoyote inayoweza kuirudisha.

MP3, iliyochapishwa kama kiwango cha kimataifa mwaka 1993, haitupi ovyo. Hutumia kanuni za usikivu wa binadamu: mlio mkubwa huufunika mlio mdogo ulio karibu nao, na mlio uliofunikwa huhesabiwa kuwa hautasikika. Kwa maneno mengine, ndani ya kodeki kuna nadharia ya msikilizaji. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa waliobuni MP3 nchini Ujerumani, aliirekebisha akitumia pamoja na sauti nyingine wimbo wa Suzanne Vega, "Tom's Diner", unaoimbwa bila ala. Hakuna ubaya katika hilo. Fundi lazima ajaribu kwa sauti fulani. Ila ukweli huo unafaa kukumbukwa. Anayeigeuza kaseti ya dhikri kuwa MP3 anamwachia mtu asiyekuwepo aamue ni kipi katika dhikri hiyo kinachostahili kusikika.

Wanafalsafa wa Kiyunani waliliuliza swali la utambulisho kwa mfano wa jahazi la Theseus, ambalo Plutarch alisimulia kwamba Waathene walilihifadhi kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka ikawa haijulikani kama bado ni jahazi lilelile. Mfano huo unasaidia nusu ya njia tu. Jahazi ni kitu kimoja kilicho mahali pamoja, na sauti haiko hivyo. Mwaka 1968 mwanafalsafa Nelson Goodman alitenganisha kazi za sanaa za namna mbili. Picha iliyochorwa kwa mkono ina asili moja, na kila nakala yake ni bandia. Shairi au andiko halina asili ya namna hiyo, kwa kuwa kila nakala iliyoandikwa bila kosa ni shairi lenyewe. Sauti iliyorekodiwa inaangukia katikati ya namna hizo mbili, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Wanatheolojia wa Kiislamu walikuwa wamelifikia jambo hili mapema zaidi, na kwa undani zaidi. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun alianza kuwahoji wanazuoni kama Qur'ani imeumbwa. Imam Ahmad bin Hanbal alikataa kukubali hivyo, akafungwa, na chini ya khalifa aliyefuata akapigwa mijeledi. Mzozo ulipotulia, likabaki swali jembamba zaidi: ikiwa maneno ya Mwenyezi Mungu hayakuumbwa, vipi kuhusu matamshi ya mtu anayeyasoma? Imam al-Bukhari alipata matatizo mjini Nishapur kwa ajili ya swali hilohilo. Jibu lililokuja kukubaliwa na Waashari, ambao ndio madhehebu ya itikadi ya Mashafii wengi wa Afrika Mashariki, linatenganisha kinachosomwa na kusoma, kilichoandikwa na wino, kilichohifadhiwa na kifua kinachohifadhi. Kusoma, wino na kifua ni viumbe, vinakuja na kuondoka. Maibadhi, ambao wafanyabiashara wengi wa Kiomani waliokaa Tabora walikuwa wa madhehebu yao, kwa sehemu kubwa walikwenda njia nyingine juu ya asili ya Qur'ani. Lakini pande zote zilizoea kufikiri kwamba neno moja linaweza kukaa katika vyombo vingi bila kugawanyika.

Tofauti hiyo, ikitumiwa kwa uangalifu, hulitatua swali la kompyuta vizuri kuliko mfano wa jahazi. Rekodi moja hubeba vitu vitatu kwa pamoja: matini, yaani maneno yaliyosemwa, utendaji, yaani namna mtu fulani alivyoyasema siku ile, na tendo, yaani lile alilokusudia kulifanya kwa kuyasema. Kuuliza kama nakala ni ileile bila kusema ni ileile katika kipi ni kuuliza swali lisilojibika.

Matini huvumilia karibu kila badiliko. Mfanyabiashara wa misafara Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora na alioa katika ukoo wa Fundikira wa Unyanyembe, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazihamishia katika herufi za Kirumi, na zikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Hati ya Kiarabu haikuwa na alama za kutosha kwa sauti zote za Kiswahili, kwa hiyo Brode alilazimika kuamua irabu na konsonanti mahali pengi. Hata hivyo anayekisoma kitabu hicho leo anasoma maneno ya Tippu Tip, wala hakuna anayeona ajabu kusema hivyo. Vivyo hivyo mawaidha yaliyobanwa mpaka kilobiti 32 yanaeleweka neno kwa neno, na kama kinachotafutwa ni hoja za sheikh peke yake, nakala hiyo inatosha.

Utendaji ni jambo jingine, na hapa ndipo hasara nyingi hutokea bila mtu kutambua. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel, aliyekuwa mkuu wa Phonogramm-Archiv, hifadhi ya sauti ya Berlin, alichapisha katika jarida la Anthropos uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi. Hakuwa amezisikia Unyamwezi. Alizisikia kutoka kwenye silinda za nta, akaziandika kwa noti za muziki za Kizungu. Nta ina udhaifu wake: kila sindano inapopita, mfereji huchakaa. Kwa hiyo hifadhi ya Berlin ilitengeneza kwa njia ya umeme kalibu za shaba kutoka kwenye silinda, na kutoka kwenye kalibu hizo zikamiminwa silinda mpya. Katika kufanya hivyo silinda ya kwanza iliharibika. Kalibu nyingi zilichukuliwa hadi Urusi ya Kisovieti baada ya Vita Kuu ya Pili, zikapitia Ujerumani Mashariki, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikarudi zilikotoka. Mwaka 1999 UNESCO iliuingiza mkusanyiko huo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Historia hiyo inafundisha jambo ambalo nadharia peke yake isingelionyesha. Katika njia ya shaba, chombo cha kwanza hakipo tena, lakini sauti ya mwimbaji ipo. Pumzi yake ilitikisa sindano, sindano ikachimba nta, nta ikaacha alama kwenye shaba, shaba ikazaa silinda mpya, na mnyororo huo haukukatika hata mahali pamoja. Katika njia ya noti, mnyororo ulipita ndani ya akili ya msikilizaji. Kilichoandikwa ni kile ambacho Hornbostel alikielewa, kwa mizani ya muziki aliyokuwa nayo, na hakuna anayeweza kuitoa tena sauti ya mwimbaji kutoka kwenye ukurasa ule. Kinachobakiza utendaji, basi, ni kutokatika kwa mnyororo wa athari, hata chombo kikibadilika mara kumi. WAV na FLAC zinafuata njia ya shaba. MP3 ya kilobiti chache iko kati ya shaba na noti: sauti bado ni ya mwimbaji, lakini imekwisha kupita katika ufahamu wa mtu mwingine kuhusu kipi ni muhimu.

Kazi yenyewe ikitazamwa kwa karibu, maamuzi ya namna hiyo yanaonekana moja baada ya jingine. Waya hutoka kwenye tundu la hedifoni la redio kaseti na kuingia kwenye tundu la kompyuta la kuingizia sauti. Sauti ikifunguliwa mno, vilele vya mawimbi hukatwa, na pale msomaji wa maulidi alipopaza, nakala hukwaruza. Ikifunguliwa kidogo mno, mvumo wa utepe huifunika. Mkanda wa mpira ulio ndani ya redio ukiwa umelegea, utepe hutembea polepole na sauti huwa nzito kuliko ya mwenyewe. Programu inaweza kurekebisha kasi, lakini kwa kipimo gani, ikiwa msomaji amefariki na hakuna anayeikumbuka sauti yake? Kisha kuna kitufe cha kuondoa mvumo. Kikibonyezwa, mvumo huondoka pamoja na vyote vilivyokuwa hafifu kama wenyewe: pumzi za waitikiaji kabla ya kuanza, mwangwi wa kuta za msikiti, dufu linalomalizia mlio wake. Nakala hutoka safi, na msikilizaji hupata msomaji aliye peke yake mahali pasipo popote. Mtu anaweza kupendelea hivyo, lakini anapaswa kujua kwamba maulidi ni ya kundi, na kundi ndilo aliloliondoa.

Hasara pia haipimwi kwa megabaiti peke yake, kwa kuwa kila aina ya sauti ina mahali pake pa kuumia. Simu nyingi za zamani zilirekodi kwa kodeki ya AMR, iliyobuniwa kwa mazungumzo. Hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, hivyo haiwezi kubeba chochote kilicho juu ya hezi 4,000, na kwa kawaida huishia karibu na hezi 3,400. Kwa salamu na habari za nyumbani hiyo yatosha. Lakini sauti za s, th na f hutambulikana kwa sehemu kubwa na mvumo ulio juu ya mpaka huo. Kwa Kiswahili, msikilizaji hubaki akitegemea muktadha kujua kama kilichotajwa ni thamani au samani. Kwa kisomo cha Qur'ani muktadha haukubaliki kuwa tegemeo. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11 ina neno ism, lenye maana ya jina, na aya ya 12 ina neno ithm, lenye maana ya dhambi. Kinachoyatenganisha ni herufi moja inayotoka kwenye ncha ya ulimi. Mwanafunzi anayejifunza tajwidi kwa rekodi iliyobanwa kiasi hicho anafundishwa na nakala ambayo imeifuta tofauti anayotakiwa kuijifunza.

Kinyamwezi, kwa upande wake, ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti husikika vizuri hata kwenye rekodi ya simu, maana sikio huijenga toni kutokana na mawimbi yaliyobaki. Kwa hiyo hadithi ya bibi kwa Kinyamwezi inaweza kuokoka vizuri zaidi ndani ya AMR kuliko kisomo cha Kiarabu. Ngoma haiokoki. Mlio wa chini wa ngoma kubwa uko nje ya mlango mdogo wa simu, na kinachofika ni mgongano wa fimbo na ngozi. Hakuna fomati moja iliyo nzuri kwa kila kitu. Anayeshauri vingine hajasikiliza vitu vya kutosha.

Tendo ndilo lenye hukumu iliyo wazi kuliko zote. Mafakihi walikuwa wameuliza, tangu zamani, kama anayesikia aya ya sijda kutoka kwa mwangwi au kwa ndege aliyefundishwa kutamka anatakiwa kusujudu. Katika fiqhi ya Hanafi jibu ni hapana, na kwa Mashafii pia kisomo cha ndege hakileti sijda, kwa sababu hakuna msomaji aliyekusudia kusoma. Fonografu ilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, hukumu ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Mwaka 1899 Sayyid Uthman bin Yahya wa Batavia (Jakarta ya leo) aliandika risala akikataa kuipa sauti ya mashine hiyo hukumu ya kisomo. Huko Misri Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuja kuwa Mufti, naye alilijadili jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 20, akaruhusu kusikiliza kwa sharti la heshima. Rekodi kamili ya Qur'ani ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary ilipotoka Cairo mwaka 1961, ubishi ulikuwa umehama kutoka uhalali hadi adabu.

Kuhusu adhana, Baraza la Fiqhi la Makka liliamua katika miaka ya 1980 kwamba adhana ya kanda haitoshi mahali pa mwadhini, kwa kuwa adhana ni ibada na ibada inahitaji nia. Hukumu hiyo ina hoja nzito kuliko inavyoonekana mwanzoni. Mwadhini anayeadhini kwa spika kwenye mnara wa msikiti sauti yake hugeuzwa umeme, mara nyingine hugeuzwa tarakimu ndani ya mashine, kisha hurudishwa kuwa mtikisiko wa hewa. Pengine ubora wake ni duni kabisa. Adhana yake inasihi. Faili la FLAC lililo sawasawa na asili yake biti kwa biti, likichezwa kwa wakati wake kamili, halisihi. Kwa hiyo kugeuzwa si tatizo hata kidogo. Tatizo ni kwamba ndani ya faili hakuna anayeita.

Kanisa Katoliki limefika mahali panapokaribiana na hapo kwa njia yake. Rehema kamili inayoambatana na baraka ya Papa kwa mji wa Roma na dunia nzima ilifunguliwa kwa wanaoifuata kwa redio, na mwaka 1985 kwa wanaoifuata kwa televisheni, mradi waifuate wakati ibada yenyewe inafanyika. Umbali uliruhusiwa na mawimbi yakaruhusiwa, lakini marudio hayakuruhusiwa. Mgonjwa wa Kipalapala au wa Ndala, mkoani Tabora, anayeangalia Misa iliyorekodiwa juzi anapata faraja na mafundisho, na hilo si dogo. Kushiriki katika tendo ni kitu kingine. Katika mambo ya tendo, basi, swali la fomati halipo kabisa, na mzozo wa nani ana nakala bora zaidi hauna maana.

Inabaki kazi ya yule anayebadili, ambaye mara nyingi ni kijana wa nyumbani mwenye kompyuta mpakato, au mwenye kibanda cha kuweka nyimbo kwenye flashi. Yeye ni mpokezi katika mnyororo, na elimu ya hadithi ilikwisha kuweka masharti ya mpokezi. Wanazuoni waligawanya upokezi kuwa wa lafudhi na wa maana. Kupokea kwa lafudhi ni kutoa neno kama lilivyosikika; kupokea kwa maana ni kutoa kilichoeleweka. Wengi wao waliruhusu upokezi wa maana katika hadithi kwa mtu anayejua vizuri kinachobadilisha maana na kisichobadilisha, lakini katika Qur'ani hawakuuruhusu hata kidogo. Aliyepokea kwa maana alizoea kuongeza maneno "au kama alivyosema", na mashekhe wa Kiswahili bado huyasema wanapomnukuu Mtume. FLAC hupokea kwa lafudhi. MP3 hupokea kwa maana. Hakuna dhambi katika kutengeneza MP3, ambayo imewafikishia watu wengi mafundisho na muziki. Kosa ni kuitengeneza bila kujua kinachoachwa, na kuifuta asili baada ya hapo.

Kosa kubwa zaidi lina jina katika elimu hiyohiyo: tadlis, yaani kuficha kasoro ya mnyororo ili uonekane mzima. Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 1245, aliipa sehemu yake katika utangulizi wake wa elimu ya hadithi. Kwenye kompyuta hufanyika kwa urahisi wa ajabu. Mtu huchukua MP3 ya kilobiti 64, huibadili kuwa WAV au FLAC, faili linavimba mara kumi au ishirini, na anayelipokea hudhani ni nakala ya kwanza. Hakuna kilichorudi. Tarakimu nyingi zimetumika kueleza kwa usahihi mkubwa kitu kilichokwisha kupungua, na anayekuja baadaye, akiwa na nia njema, huitupa kaseti akiamini ana kilicho bora. Kuibana MP3 tena kuwa MP3 nyingine, kila simu inapoihitaji, nako ni kuongeza kiungo dhaifu kwenye mnyororo. Kila mara kinatupwa kitu kutoka katika kile kilichobaki.

Kwa mwenye boksi la kaseti, yanayofuata si mengi. Kila kaseti inakiliwe mara moja kuwa WAV au FLAC, bila kuondolewa mvumo wala kurekebishwa kasi, na nakala hiyo iwekwe mahali pawili tofauti, isiguswe tena. Usafishaji na ubanaji ufanywe kwenye nakala nyingine, zote zikitoka kwa hiyo ya kwanza. Katika jina la faili au katika maelezo yake yaandikwe ni kaseti gani, ya nani, imenakiliwa lini, na kipi kimebadilishwa. Kaseti yenyewe isitupwe hata baada ya kunakiliwa, kwa sababu kifaa bora cha kuisoma kinaweza kupatikana kesho, na sauti isiyokuwemo ndani ya faili bado inaweza kuwemo kwenye utepe.